Somo la 8: Kupima mukono na vidole vya mugonjwa wa ukoma

Somo hili ni kwa waganga wa vituo vya afya na kwa wasaidizi wa kijiji wanaofuata wagonjwa wa ukoma. Mugonjwa mwenyewe anayejua kusoma anaweza kulisoma vilevile, maana vipimo vingine anaweza kujipima nyumbani kwake. Msiogope hesabu zilizo ndani. Ni kujumlisha na kutoa tu, kama vile mutoto wa shule anavyofanya.

Juu ya nini tunapima?

Munganga mumoja anaandika kwenye fishi: "Mukono unaendelea muzuri kidogo." Mwenzake atakayepokea yule mugonjwa mwezi unaokuja hatajua kitu. Muzuri kuliko nini? Kidogo namna gani? Lakini kama wa kwanza aliandika: "Kidole kidogo, kifundo cha katikati, kinakosa degre 30 kunyooka," wa pili atapima, atakuta 45, na saa ileile atajua kwamba mushipa wa fahamu uko katika hatari.

Kidudu cha ukoma, ambacho Hansen wa Norvege alikiona mwaka 1873, kinapenda sehemu za mwili zenye baridi kidogo: ngozi, na mishipa ya fahamu inayopita karibu na ngozi. Katika mukono, mushipa unaoumizwa zaidi ni ule unaopita nyuma ya kiwiko upande wa ndani, pale ambapo ukijigonga kwenye meza unasikia kama umeme mpaka kidole kidogo. Dawa tatu za ukoma, ndizo rifampisini, dapsoni na klofazimini, zinaua kidudu, na mugonjwa aliyeanza kuzimeza haambukizi wengine tena. Zinatolewa bure, miezi 6 kwa mwenye madoa machache na miezi 12 kwa mwenye madoa mengi. Lakini mushipa unaweza kuvimba mbele ya dawa, wakati wa dawa, na hata kisha dawa kumalizika. Ndiyo maana kazi ya kupima haiishi siku ya kidonge cha mwisho.

Tena mushipa unaweza kufa kimya. Wengine wanasikia kiwiko kinauma usiku, wanakuja mbio. Wengine hawasikii maumivu hata kidogo. Mama anaendelea kulima, kutwanga sombe, kuchota maji, na siku moja anaona kidole kidogo kimejitenga na vingine, hakitaki kurudi. Anafikiri ni uchovu wa kazi. Sasa mushike neno hili: mushipa uliopoteza nguvu ndani ya miezi 6 iliyopita unaweza bado kupona kama mugonjwa anapewa predinizoloni. Miezi 6 ikipita, tumaini linapunguka sana. Na ukimuuliza mama yule, "Ilianza lini?", atajibu, "Tangu siku nyingi." Yeye hajui. Fishi ndiyo inayojua, kama kuna mutu aliyeiandika vema.

(Predinizoloni si dawa ya kununua sokoni. Dokta anaitoa kwa dozi inayoshuka pole pole kwa miezi mingi, na mbele ya kuianza anatafuta kama mugonjwa ana kifua kikuu, minyoo ao ugonjwa wa sukari. Kuikatisha kwa gafula kunaweza kuangusha mutu.)

Vyombo

Katika hospitali kubwa munganga wa mazoezi ya viungo ana chombo kinachoitwa goniometre. Ina matawi mawili, musumari mudogo katikati, na duara iliyoandikwa degre. Ile ya vidole ni fupi, inaingia mufukoni.

Kama haipo, hatukai bure. Tafuta raportere ya wanafunzi, ile ya kupimia pembe, na vipande viwili vya kartoni ngumu ama vya plastiki iliyokatwa kwenye bidoni, upana wa santimetre 1. Kipande kimoja ukibandike kwenye musitari wa sifuri. Cha pili ukitoboe, ukipitishe pini katikati ya raportere ili kizunguke. Ukitaka kujua kama chombo chako kinasema kweli, kipime kwenye kona ya buku jipya: inapashwa kuonyesha 90. Kama inaonyesha 84, rudilia kazi.

Iko na njia ingine rahisi zaidi, nami ninaipenda kwa vituo vilivyo mbali na barabara. Chukua waya laini, kama ule wanaotumia watengenezaji wa redio kwa kulehemu. Uulaze juu ya mugongo wa kidole, uufinye ufuate kila kifundo, kisha uutoe pole pole na uulaze kwenye karatasi. Chora kandokando yake kwa biki na uandike tarehe. Mwezi unaokuja chora tena juu ya karatasi ileile kwa rangi ingine. Hata mutu asiyejua kusoma ataona kama kidole chake kimenyooka ama kimezidi kukunjama. Wagonjwa wengi wanapata moyo wa kufanya mazoezi siku wanapoona karatasi hiyo, kuliko siku tunapowahubiri.

Namna ya kumukalisha mugonjwa

Mugonjwa akae, kiwiko juu ya meza, kifundo cha mukono kikiwa kimenyooka ama kimeinuka nyuma kidogo. Usidharau jambo hili. Jaribu wewe mwenyewe: kunja kifundo cha mukono chini kabisa, kisha ufunge ngumi. Unaona? Ngumi haifungiki vema, na haina nguvu. Sasa inua kifundo cha mukono nyuma: vidole vinajikunja vyenyewe. Kamba za misuli ya vidole zinatoka huku juu kwenye mukono na zinapita kwenye kifundo, kwa hiyo kifundo kikibadilika, kipimo cha vidole kinabadilika vilevile. Waganga wawili wanaopima mugonjwa mumoja katika mikao miwili wataleta hesabu mbili, na wote wawili watasema ukweli, na fishi itakuwa bure.

Ikiwezekana, mutu yuleyule apime kila mara, na saa ileile. Mukono wa asubuhi uko mugumu kuliko ule wa saa nane kisha kazi. Mukono uliolowekwa katika maji unalainika. Ni muzuri kupima mbele ya mazoezi, na kama ulipima kisha mazoezi, uandike hivyo.

Kupima pembe za kidole

Kidole kina vifundo vitatu: kile cha chini kwenye kiganja, kile cha katikati, na kile cha karibu na ukucha. Kidole kilichonyooka kabisa tunakiita 0. Weka chombo juu ya mugongo wa kidole, pini juu ya kifundo, tawi moja juu ya mufupa wa nyuma, tawi lingine juu ya mufupa wa mbele. Mwambie mugonjwa anyooshe kwa uwezo wake wote, soma, andika. Kisha akunje kwa uwezo wake wote, soma, andika.

Mukono muzima unakunja karibu degre 90 kwenye kifundo cha chini, 100 kwenye kile cha katikati, na 70 kwenye kile cha ukucha. Jumla ni 260. Watu hawafanani, kwa hiyo mukono muzima wa mugonjwa mwenyewe ndio kipimo cha kweli, kama anao.

Tuseme baba mumoja anakunja kidole cha kuonyesha hivi: 80, 70, 30. Jumla 180. Lakini akinyoosha, kifundo cha katikati kinakosa 30, na kile cha ukucha kinakosa 10. Yale anayokosa ni 40. Toa 40 katika 180, inabaki 140. Hiyo ndiyo mwendo wa kweli wa kidole chake, zaidi kidogo ya nusu ya 260. Juu ya nini tunatoa? Kwa sababu kidole kilichokauka katika mukunjo kingeonekana chenye mwendo mukubwa, kumbe hakiendi popote.

Kama huna wakati wa pembe zote, chukua rula na upime umbali toka ncha ya kidole mpaka musitari wa kiganja wakati mugonjwa anafunga ngumi. Kidole kinachobaki mbali santimetre 3 kinaweza kushika mupini munene wa jembe, lakini kamba ya ndoo itapita ndani. Kipimo hiki kinatosha kwa wagonjwa wengi wa kijiji.

Baada ya kupima vile mugonjwa anavyoweza yeye mwenyewe, pima vile kidole kinavyoweza kikisukumwa pole pole na mukono wako. Kama yeye mwenyewe hawezi lakini mukono wako unaweza, basi kifundo ni kizima, ugonjwa uko kwenye mushipa, kwenye musuli ama kwenye kamba yake. Kama hata mukono wako hauwezi, kifundo chenyewe ama ngozi imekauka. Hapana kulazimisha. Kidole chenye moto, chenye kuvimba ama chenye kidonda hakipimwi kwa kusukuma, kinapumzishwa. Na mukumbuke kwamba mugonjwa huyu pengine hasikii maumivu, basi hatakuambia "Ee, basi!" wakati unamuvunja.

Kidole kilichokunjama kama kucha za ndege

Mushipa wa kiwiko ukipooza, misuli midogo iliyo ndani ya kiganja inalala. Kifundo cha chini kinavutwa nyuma na vifundo viwili vya mbele vinakunjama. Dokta Paul Brand, aliyetumika huko Vellore katika India tangu miaka ya 1940, alionyesha kwamba mikono hii inaweza kutengenezwa kwa kuhamisha kamba ya musuli ulio muzima. Wengi wakati ule waliamini kwamba nyama ya mukoma ni mbovu na haiwezi kupona kisha kupasuliwa. Alionyesha kwamba inapona kama nyama ya watu wote, na kwamba vidole vilikuwa vinaisha kwa sababu ya vidonda na kuungua visivyosikiwa.

Kwa mukono wa namna hiyo, kifundo cha katikati cha kila kidole tunakipima mara tatu.

Mara ya kwanza, mwambie mugonjwa akunje vifundo vya chini na kunyoosha vile vya katikati, kama mutu anayeshika kitabu kikubwa. Pima kinachokosekana. Mara ya pili, wewe ushike kifundo cha chini kikae kimekunjwa, naye ajaribu tena kunyoosha. Mara ya tatu, unyooshe wewe mwenyewe pole pole.

Tuseme umepata 60, kisha 20, kisha 10. Kutoka 60 mpaka 20, ni mukono wako uliofanya kazi ya misuli midogo iliyolala. Hiyo ni habari njema, maana kamba ndefu ya kunyoosha bado inafaa, na upasuaji unaweza kuleta faida. Ile 10 ya mwisho ni ukavu wa kifundo na ngozi, hiyo inatafutiwa dawa yake kwanza: kuloweka mukono katika maji ya uvuguvugu kama dakika 20, kupakaa mafuta ya mawese ama vazelini, kisha kunyoosha juu ya paja kwa mukono mwingine, asubuhi na jioni. Lakini kama umepata 60, 55 na 55, kidole kimekwisha kukauka. Hapo hospitali inaweza kuvalisha kidole bomba dogo la plasta, inalibadilisha mara kwa mara, na kila mara kidole kinanyooka kidogo zaidi. Ni kazi ya majuma mengi. Pima kila plasta inapotolewa. Kama mara mbili hesabu haikushuka, mwambie dokta.

Kidole gumba

Bila kidole gumba mukono ni kama ndoano. Mupasuaji Mufaransa Kapandji alitoa mwaka 1986 kipimo kisichohitaji chombo chochote, na kinafaa sana kwetu. Mugonjwa anagusa kwa ncha ya gumba, kufuatana: kando ya kidole cha kuonyesha kwenye mufupa wa kwanza (0), wa pili (1), wa tatu (2); kisha ncha ya kidole cha kuonyesha (3), ya kidole cha katikati (4), ya kidole cha pete (5), ya kidole kidogo (6); kisha anateremuka juu ya kidole kidogo, musitari wa karibu na ncha (7), musitari wa katikati (8), musitari wa shina (9), na mwisho musitari wa kiganja chini yake (10). Andika namba ya mwisho aliyoweza kufikia. Angalia asidanganye kwa kulaza gumba juu ya kiganja kama nyoka; gumba linapashwa kupita juu, kama daraja.

Kuna vilevile kipimo cha karatasi cha Froment, munganga Mufaransa aliyekieleza mwaka 1915. Mugonjwa anashika karatasi kati ya gumba na kando ya kidole cha kuonyesha, kwa mikono miwili, nawe unavuta. Upande ambapo ncha ya gumba inajikunja sana ili isipoteze karatasi, mushipa wa kiwiko ni mudhaifu.

Nguvu

Vipimo vitatu vinatosha, dakika mbili tu. Kiganja kiangalie juu, mugonjwa asukume kidole kidogo mbali na vingine, wewe ukirudishe kwa kidole chako: huo ni mushipa wa kiwiko. Kiganja kikiwa bado juu, ainue gumba lielekee dari, nawe ulisukume chini kwenye shina lake: huo ni mushipa wa katikati. Halafu afunge ngumi na kuinua kifundo cha mukono, wewe uukandamize: huo ni mushipa wa nyuma ya mukono. Andika N kama kuna nguvu, D kama ni dhaifu, P kama amepooza. Linganisha sikuzote na upande wa pili.

Kwa nguvu ya kushika, tumia mashini ya tansio. Kunja kitambaa chake kama furushi, kipulize mpaka 20, mugonjwa akifinye kwa nguvu yake yote, na usome mahali sindano inafika. Fanya mara tatu, uchukue hesabu ya katikati. Mashini yako si sawa na ya kituo kingine, basi usilinganishe hesabu za vituo viwili.

Kusikia

Mukono unaoenda vema lakini hausikii ni mukono unaoungua. Mama anatoa sufuria ya bugali juu ya mbabula, anakuja kuona malengelenge saa ingine akinawa. Kwa hiyo pima kusikia siku ileile unapopima vidole.

Usimuulize, "Unasikia?" Atajibu ndiyo kwa heshima. Mwonyeshe kwanza macho yakiwa wazi, kisha afunge macho. Gusa kwa ncha ya biki, ngozi ibonyee kidogo tu: ncha ya gumba, ncha ya kidole cha kuonyesha, ncha ya kidole kidogo, na kando ya kiganja upande wa kidole kidogo. Yeye aonyeshe mahali kwa kidole cha mukono mwingine. Akionyesha mbali zaidi ya santimetre 3, andika kwamba hakusikia. Changanya mahali na nyakati, maana watu wana akili, wanafuata mwendo wako. Hospitali zingine zina uzi wa nailoni unaojipinda kwa uzito wa gramu 2. Huo ni bora kuliko biki, kwa sababu mukono wa kila munganga unasukuma kwa namna yake.

Hesabu ikibadilika

Degre chini ya 5 si kitu; inaweza kuwa ni mukono wa mupimaji uliotikisika. Degre 10 na zaidi, pima mara ya pili kisha kupumzika kidogo. Kama inabaki, ni kidole kilichobadilika. N iliyokuwa D, D iliyokuwa P, ama mahali papya pasiposikia, hapo usingoje tarehe ya dawa. Mugonjwa aende hospitali juma hilihili, na fishi mukononi mwake. Vilevile mwenye mushipa unaouma sana ukiugusa, hata kama vidole vinaenda vema bado.

Pima siku ugonjwa unapojulikana, kisha kila mwezi anapokuja kuchukua dawa, na siku yoyote anapolalamika. Kisha dawa kumalizika, mwambie arudi mara moja akiona kidole kinachoka, kifungo cha shati kinamushinda, ama chumvi inaanguka kati ya vidole. Mambo hayo ya nyumbani yaandikwe kwenye fishi pembeni ya degre: "Anafunga kifungo," "Hawezi kufunga kamba ya mbuzi." Dokta anayefikiria upasuaji atayasoma yeye vilevile, maana baba fundi wa baiskeli na mama muuza mawese hawatafuti mukono wa namna moja.

Andika fishi mbili. Moja inabaki kituoni. Ya pili mugonjwa anaichukua, ndani ya plastiki, pamoja na karatasi ya waya, ili akihamia kwa ndugu zake ngambo ya mutoni, munganga wa kule aanzie pale ulipoishia wewe.